Vidole Vinne vya Pindo

Jirani yangu wa ukuta ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi Pindo. Jina hilo hakujipa. Alipewa na akina mama waliochoka kupokea magauni ya watoto wao yakiwa mazito chini, maana mzee huyu hashoni nguo ya mtoto bila kuacha vidole vinne vya kitambaa vimekunjwa kwa ndani. Fundi mwingine angeacha viwili, na wengi siku hizi hawaachi hata kimoja. Yeye vinne, tena hapimi kwa futi. Anaweka kiganja juu ya kitambaa na kuchora chaki kandokando ya kidole cha mwisho. Ukimwuliza kwa nini, anakujibu, "Mtoto hakai alivyo." Akishasema hivyo amemaliza, usisubiri maelezo.

Mimi napiga picha za paspoti na fotokopi. Kati ya duka lake na langu pana ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo namsikia akikohoa, nasikia cherehani ikianza na ikikoma, na kila anachozungumza na wateja nakipata bila kukiomba. Sipendi kufuatilia ya watu. Lakini ukuta ukiwa mbao, masikio utayafanya nini, uyatie pamba?

Ndiyo maana nilijua kabla ya wengine kwamba pindo lile halikuwa ukaidi wa kizee. Lilikuwa upweke. Gauni lenye pindo lina siku ya kurudi. Mwaka ukipita, mama anamleta mtoto na kusema, "Fundi, tushushie, kesharefuka." Basi hapo mzee anapata mtu wa kuongea naye. Anamsimamisha mtoto juu ya kigoda, anamzungushia pini, anauliza habari za shule, za meno yaliyong'oka, za bibi aliyekuwa mgonjwa wa mguu. Mtu aliyezungukwa na pini hana pa kwenda. Nimewahi kumsikia akimsimulia mteja habari za kitambaa cha zamani kilichokuwa hakichuji mpaka yule mama akaomba kukaa chini.

Mkewe alifariki zamani, kabla sijahamia hapa. Binti yake mmoja aliolewa mbali, na hupiga simu kila Jumapili alasiri. Mwanzoni simu zile zilikuwa ndefu. Siku hizi nazisikia zote bila kuacha kazi: umekula, nimekula, wajukuu hawajambo, haya baba, haya mama. Anaishi chumba cha nyuma ya duka, na humo ana kitanda, jiko dogo na kiti kimoja kizuri ambacho kazi yake ni kubeba koti.

Sasa, nesi. Aliingia katika habari hii miaka minne iliyopita, akiwa ameleta sare yake ipunguzwe kiuno. Alikuwa anafanya kazi kwenye ile nyumba ya juu, ukipita tangi la maji, wanakotunzwa watoto ambao hospitali kubwa imesema dawa zimeshindwa. Pale hawapelekwi ili wapone. Wanapelekwa ili wasiumie, waogeshwe vizuri, wasomewe hadithi, na wasiwe peke yao siku ya mwisho ikifika. Nyumba yenyewe inaishi kwa misaada. Huyu analeta maziwa, yule sabuni, mwingine mashuka ya mtoto wake aliyekwisha kuwa mtu mzima.

Na mimi nilikuwa natoa, msidhani. Sanduku lao la mbao lilikaa pembeni ya mashine yangu ya fotokopi, watu wakitupia chenji, na kila mwisho wa mwezi nesi alikuja kulimwaga. Juu yake waliandika: Kutoa ni moyo, si utajiri. Nililifuta vumbi kila asubuhi, na nikaona kwa hilo nimeshamaliza zamu yangu duniani.

Fundi alitoa nguo za kulalia. Nesi alimweleza mara moja tu jinsi ilivyo tabu kumvisha mtoto asiyeweza kuketi, na wiki iliyofuata mzee alikuwa amebuni yake: nguo iliyofunguka mgongo mzima, yenye kamba za kufungia ubavuni, hivi kwamba unamtandikia mtoto kwa mbele na kumfunga bila kumwinua. Pamba alinunua mwenyewe, ile laini, na aliifua mara mbili kabla ya kuikata ili itoke ugumu wa dukani.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi nesi alikuja na kikaratasi cha vipimo. Bega, mkono, urefu, basi, majina hapana. Alichukua zilizokwisha, kisha akaketi pale kwenye kigoda na kunywa chai kikombe kimoja, akimsimulia. "Huyu wa bega dogo, baba, hataki redio izimwe." "Yule wa mikono mirefu amecheka jana mpaka tukaogopa." Ilikuwa robo saa, ikizidi dakika ishirini. Mzee alifagia duka tangu Jumatano jioni, na Alhamisi asubuhi akafagia tena. Mimi nikimtania kutoka mlangoni, "Fundi, leo anakuja waziri?" naye alijibu, "Waziri angeleta tope."

Hiyo ndiyo ilikuwa wiki yake nzima. Siku sita za watu wenye haraka, na robo saa ya mtu aliyeketi. Mtu akinyang'anywa robo saa kama hiyo, sijui anabaki na nini.

Kule juu hakuwahi kwenda. Nesi alimwalika mara nyingi, "Baba, njoo siku moja uwaone unaowashonea," na kila mara ilitokea kazi ya haraka ambayo mimi, jirani, sikuiona. Nadhani aliogopa. Kwenye karatasi walikuwa bega na mkono, na karatasi haikuangalii usoni.

Mara moja nilimwona akikunja pindo la nguo zile, vidole vinne vilevile. Ulimi hauna mfupa, nikamwuliza, "Fundi, hata hizi?" Akaniangalia juu ya miwani. "Kwani hao si watoto?" Nikarudi kwenye fotokopi zangu.

Alhamisi moja ya mwaka jana nesi alikuja, lakini chai hakuigusa. Nilijua kwa sababu kijiko hakikulia.

"Baba, nina neno. Nimelibeba siku nyingi."

"Litue, mwanangu."

"Ni haya mapindo."

Hapo nilizima mashine. Sioni haya kulisema.

Nesi akamweleza taratibu, kama mtu anayebandua plasta. Watoto wale wanalala mchana kutwa na ngozi yao imekuwa nyembamba. Kitambaa kikikunjwa nene vile, kinawakandamiza wanapokilalia, na wawili walikwisha kupata vidonda nyuma ya goti. Kwa hiyo manesi walikuwa wanafumua. Kila nguo aliyoshona mzee, kabla mtoto hajavishwa, walifumua pindo, wakakata, wakapiga mshono bapa.

"Tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu mwanzo, baba."

"Miaka minne?"

"Tuliona haya. Unatoa kwa moyo wako, kisha sisi tukukosoe? Lakini sasa tumebaki manesi watatu, nafasi ya kufumua hatuna. Msimamizi amesema nguo ambayo si bapa isipokelewe tena."

Mzee alipojibu, sauti ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyonitisha.

"Nguo isiyo na nafasi ya kesho mimi naijua moja tu, na anayevikwa hiyo hasemi imembana. Sanda sishoni, mwanangu."

"Wanaumia, baba."

Nesi akasubiri, kisha nikamwona akipita mbele ya duka langu na mfuko mtupu, akijipangusa macho kwa mkono wa sare. Zile nguo tano za wiki ile zilibaki juu ya meza ya kukatia.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Mzee alikuwa amefagia. Nilisikia maji yakichemka saa nne kamili, nikasikia chai ikimiminwa, kisha cherehani ikanyamaza dakika ishirini nzima na mtu hakuingia. Ikawa hivyo na wiki ya pili, na ya tatu. Mimi hasira zangu ziko karibu, zikanipanda. Nilikwenda nikasimama mlangoni kwake.

"Fundi, watoto wa watu wamekukosea nini?"

"Jirani, pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Nikageuka nikarudi kwangu, nimevimba. Kigoda kilikuwa kitupu, chai ilikuwa moto, na mimi sikuingia ndani. Wakati ule hata sikuliona hilo.

Kilichonivunja ni simu ya Jumapili. Binti alikuwa ameuliza kitu, na nikamsikia mzee akisema, "Nani, nesi? Yupo. Anakuja kila wiki, mama, hata juzi alikuwa hapa. Usiwe na wasiwasi, siko peke yangu." Alisema vizuri kabisa, kwa kicheko kidogo mwishoni. Kisha akakata simu. Nililia kidogo, nikajikemea, nikaendelea kupanga karatasi.

Alhamisi ya tano alishusha mlango wa duka saa tatu asubuhi. Alikuwa amevaa lile koti la kwenye kiti na kubeba mkoba wa nguo.

"Jirani, mteja akija mwambie nimekwenda kupima."

"Kupima wapi, Fundi?"

"Juu," akasema, akaondoka.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa nesi, alipokuja kumwaga sanduku. Mzee mwenyewe hakunipa hata robo.

Kuna chumba kirefu chenye vitanda sita na madirisha makubwa. Nesi alimpeleka kitanda cha pili, kwa msichana wa miaka minane ambaye manesi wote wanamwita Bosi, kwa kuwa hakuna anachoomba, anaamuru. Kwao ni mbali, safari ya siku mbili, na mama yake alikuwa anakuja tu akipata nauli na ruhusa ya kazini. Mzee alitoa futi mfukoni na kuinama. Mtoto akamkagua kuanzia miwani hadi viatu.

"Wewe ndiye fundi wa nguo nzito?"

"Ndiye."

"Nguo yako iliniuma hapa." Akamwonyesha nyuma ya goti, kovu lililokuwa linapona, upana wake vidole vinne. Mzee aliliangalia mpaka nesi akataka kusema kitu cha kumsaidia. Lakini msaada hakuuhitaji. Alimwomba mtoto msamaha, wazi, kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima mwenzake, na Bosi akasema sawa.

Kisha mzee akauliza swali lake la kila siku. "Unataka ifike wapi?"

"Hapa. Na iwe na mfuko."

"Mfuko wa kutia nini?"

"Hilo halikuhusu. Na iwe tayari leoleo. Ninyi watu wazima mkisema kesho, hamji."

Mzee akasema leoleo haina shida. Akaketi kando ya kitanda, akatandika kitambaa magotini. Nesi anasema aliweka kiganja chake chini ya alama ya urefu, vidole vinne, na chaki tayari mkononi. Akakaa hivyo. Kisha akaondoa kiganja, akashika mkasi na kukata palepale mtoto alipopataka. Alishona kwa mkono mpaka adhuhuri, mshono bapa ambao ukiupitishia kidole huuhisi. Bosi alisimamia kazi yote. Alimwambia pale umepinda, fumua, na mzee akafumua. Katikati ya kushona akaanza kumsimulia habari za wateja, yule mama aliyekimbia na pini kwenye sketi, yule bwana harusi aliyenenepa ndani ya wiki mbili, na mtoto alicheka kisha akalala akiwa bado anacheka. Kabla ya kufumba macho alikwisha kumwamuru asiondoke bila kuaga. Kwa hiyo mzee alikaa, nguo ikiwa imekwisha magotini, mpaka alasiri alipoamka.

Tangu siku hiyo akawa anakwenda kila Alhamisi. Nguo nyingine alizishona dukani, zote bapa, na zile tano zilizobaki mezani alizifumua mwenyewe kwa wembe. Akina mama wa mtaa bado wanapata vidole vyao vinne, hilo hakulibadili. Aliwaambia manesi kwamba yeyote akiona mshono unaouma amwambie siku hiyohiyo, mambo ya kuona haya wayaache.

Bosi aliishi wiki saba zaidi. Alhamisi ya nane mzee alikuta kitanda cha pili kimetandikwa shuka jipya na godoro limegeuzwa. Nesi alinieleza kwamba alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mikono juu ya mkoba, kwa muda ambao angekaa siku zote. Kisha akasimama, akaenda kitanda cha tatu, akatoa futi na kuuliza, "Unataka ifike wapi?"

Siku hiyo mimi nilikuwa nimeshapata habari. Nilichemsha chai, nikatafuta na maneno ya kumpa pole, na nikasimama mlangoni kwangu tangu saa nane. Miaka kumi na moja ya ujirani na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumchemshia chai. Alikuja akitembea taratibu, macho mekundu.

"Pole, Fundi," nikasema. "Chai ipo."

"Ahsante, jirani. Nimeshakunywa na manesi."

Akapandisha mlango wake, na muda si mrefu cherehani ikaanza. Hakuwa na kinyongo nami. Hakuwa na haja nami, na ndilo lililouma.

Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, namwona mara mbili au tatu kwa mwaka, na akija analala. Wanangu wameshaota mbawa. Wateja wangu wanasimama mbele ya kitambaa cheupe, naambiwa nifanye haraka, nawaambia wasicheke, wanaondoka. Nilikuwa najiona mimi ndiye ninayemwonea huruma mzee wa upande wa pili. Kumbe zile habari za meno ya watoto na miguu ya mabibi, zile robo saa za Alhamisi, nilikuwa nazinywa na mimi kupitia mbao. Sasa Alhamisi ukuta hausemi kitu. Mashine inavuma, nikiizima ni mbaya zaidi. Nina upweke, na nimeona heri niuseme kuliko kuufuta vumbi.

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita nilifunga duka mapema nikamngoja nje, nimevaa viatu vya kutokea na mafuta nimejipaka. Alipomaliza kufunga kufuli lake nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Fundi, leo twende wote."

Akaviangalia viatu vyangu, kisha akaniangalia mimi, kwa makini ambayo sikuizoea. Nadhani alikuwa ananipima.

"Kuna mtoto kitanda cha dirishani," akasema. "Kelele hapendi. Anapenda mtu akae tu, hata asiposema neno. Jumanne hana mtu."

"Nimesema leo. Nilitaka twende pamoja, tuongee njiani."

"Nimekusikia, jirani." Alisema kwa upole, akiwa keshatia mkoba begani. "Lakini Alhamisi ina mtu."

Nikabaki nimesimama mpaka alipopotea kwenye kona ya tangi. Jumanne nilipanda peke yangu.